Habari ya Nachingwea ilivyofika Dar

Baba mdogo alikuwa akirudi kazini na mifuko ya suruali imejaa vijiduara vya karatasi, vidogo kama mbegu za ufuta. Sisi watoto wa nyumba ile ya Ilala tulimkimbilia barazani, shikamoo baba mdogo, na kabla hajamaliza marahaba yake mikono yetu ilikuwa imeshazama mifukoni. Tulivikusanya kwenye kopo tupu la maziwa. Shangazi alipoolewa tulimmwagia kopo zima kichwani alipotoka ndani, na wiki nzima baadaye vilikuwa bado vinaokotwa kwenye mikeka na kwenye nywele za watu.

Sikujua wakati ule nilikuwa nikirusha nini. Baba mdogo alikuwa opareta wa teleksi, ile mashine ya kutuma maandishi kwa waya, pale SHIHATA, yaani Shirika la Habari Tanzania. Kila herufi aliyoigonga ilitobolewa kwenye utepe mwembamba wa karatasi, kwa safu moja ya matundu yasiyozidi matano. Ile karatasi iliyodondoka kutoka kwenye tundu ndiyo tuliyomrushia bibi harusi. Bei ya pamba, ziara ya waziri, daraja lililosombwa na mvua, vyote vilimwangukia shangazi kwenye ushungi.

Naandika haya kwa sababu hivi karibuni niliitaja SHIHATA mbele ya kijana anayefanya kazi katika chumba cha habari hapa Dar, kijana hodari kabisa, akaniuliza kama hilo ni jina la mtu. Sikumlaumu. Shirika lilivunjwa mwaka 2000 na huenda yeye alikuwa bado ananyonya. Lakini nilirudi nyumbani na uchungu, na Jumamosi yake nikapanda daladala mpaka Chanika, anakoishi baba mdogo sasa, nikamwomba anieleze ile mashine tangu mwanzo kama vile sijawahi kuisikia.

Alifurahi kuulizwa. Akaanza na utepe. Huchapi moja kwa moja kwenye laini, alisema, kwa sababu laini ni pesa na kila dakika inahesabiwa. Kwanza unatoboa utepe ukiwa nje ya laini, pole pole, unasahihisha. Ukimaliza ndipo unampigia wa upande wa pili, akiitika unauweka utepe kwenye kisomeo, na mashine inaukimbiza kwa kasi yake yote. Kasi hiyo ni herufi 400 kwa dakika. Leo ni mwendo wa kobe, lakini habari ya aya tano ilikuwa inatoka Dar es Salaam na kumalizika kuchapwa ng'ambo kabla chai haijapoa.

Halafu akanionyesha kitu ambacho sikuwahi kukijua. Alichukua kalamu akaandika nyuma ya risiti ya luku: 5-?94-. Akaniuliza, "Hapa pameandikwa nini?" Nikasema sijui. "Tabora," akasema.

Teleksi haina herufi ndogo, ina kubwa tu, na matundu yaleyale matano yana kazi mbili: yanaweza kuwa herufi au yanaweza kuwa tarakimu na alama. Kinachoamua ni ishara moja inayotumwa kabla, ya kuiambia mashine ihamie upande upi. Ishara hiyo ikipotoshwa na radi au laini mbovu, mstari mzima unageuka. T inakuwa 5, A inakuwa kistari, O inakuwa 9. Opareta asiyejua kazi anapiga simu kuomba habari irudiwe. Opareta anayejua anaisoma hivyohivyo. Na ile herufi J, upande wa pili, si alama yoyote. Ni kengele. Kwa hiyo mstari wa kumtaja Julius Nyerere ukivurugika, kengele ililia chumba kizima. Baba mdogo alinisimulia hilo akiwa amenyoosha kidole juu kama anayeisikia, na nusu karne karibu imepita.

Nirudi nyuma kidogo, maana ukianza na mashine unaweza kudhani shirika la habari ni mambo ya mitambo.

Mwaka 1870 mashirika matatu ya Ulaya yaliwekeana mkataba: Reuters la London, Havas la Paris na Wolff la Berlin. Waligawana dunia. Huku ni kwako, huku ni kwangu, tutabadilishana tulichovuna. Makoloni ya Mwingereza yakawa ya Reuters, ya Mfaransa yakawa ya Havas. Mkutano wa Berlin wa kuigawa Afrika ulianza mwaka 1884. Hesabu mwenyewe: habari za dunia zilikatiwa mipaka miaka 14 kabla ya ardhi yetu. Waya wa chini ya bahari ulifika Unguja kutoka Aden mwaka 1879, na kuanzia hapo jambo la pwani hii liliweza kujulikana London mapema kuliko lilivyojulikana Tabora.

Bendera zilibadilika, njia ya waya haikubadilika. Hili ndilo lililowakera viongozi wa miaka ya 70, na walikuwa na haki ya kukereka. Fikiria: reli ya TAZARA ilikabidhiwa Julai 1976, kilomita 1,860 kutoka hapa Dar hadi Kapiri Mposhi. Mtu aliweza kupanda treni akashukia Zambia bila kuvuka bahari yoyote. Lakini msomaji wa Lusaka aliyetaka kujua kilichotokea Dar, mara nyingi alikipata kwa mkono wa mwandishi wa shirika la Ulaya, kimehaririwa London au Paris, kimepimwa kama kinamfaa msomaji wa kule, ndipo kikarudishwa Afrika. Lililoonekana dogo kule halikurudi kabisa.

Ghana waliliona mapema: shirika lao la habari lilizinduliwa tarehe 5 Machi 1957, siku moja kabla ya uhuru wenyewe. Kenya walikuwa na lao mwaka 1963. Sisi tulichelewa. Tulikuwa na Idara ya Habari, Maelezo, tulikuwa na Radio Tanzania Dar es Salaam kule Barabara ya Pugu, tulikuwa na Uhuru na Daily News. SHIHATA ilikuja kwa sheria ya mwaka 1976, mwaka mmoja baada ya nchi zisizofungamana na upande wowote kuanzisha utaratibu wa kubadilishana habari kupitia Tanjug, shirika la Yugoslavia. Mkurugenzi mwanzilishi alikuwa Benjamin William Mkapa, aliyekuwa amehariri magazeti ya chama, kisha Daily News, kisha akawa mwandishi wa habari wa Rais. Hakukaa sana, mwaka 1977 alikuwa ameshakuwa Waziri wa Mambo ya Nje. Mwaka 1983 likaanza PANA, shirika la habari la Afrika nzima chini ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, makao yake Dakar.

Sasa nieleze kwa nini mimi binafsi naijali SHIHATA, na hapa lazima niende Nachingwea.

Kwetu ni huko, mkoani Lindi. Babu na bibi walibaki huko sisi tulipohamia Dar. Mtu aliyezaliwa baada ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003 hawezi kujua maana ya Kusini kufungwa. Masika yakiingia, Rufiji inafurika, kivuko cha Ndundu kinasimama, mabasi yanakwama kwenye tope siku tatu, siku tano, watu wanapika kando ya barabara. Lindi na Mtwara zilikuwa kama kisiwa. Tulikuwa tunasikia zaidi habari za Msumbiji kuliko za Nachingwea yenyewe, ingawa wapigania uhuru wa Msumbiji, FRELIMO, walikuwa na kambi yao hukohuko kwetu.

Lakini mwandishi wa mkoa alikuwepo. Baba mdogo alinieleza jinsi habari ilivyokuwa ikisafiri. Kutoka wilayani inakuja kwa gari lolote linalopita, imekunjwa kwenye bahasha, mpaka Lindi. Lindi mwandishi anaisoma kwa simu, akipiga kelele kwa sababu laini inakoroma, au anaituma kwa teleksi. Dar mhariri anaikata, anauliza maswali, inarudi Lindi, jibu linakuja. Kisha inakwenda magazetini, redioni, na ikistahili inakwenda nje. Saa mbili usiku ngoma za Mzee Morris Nyunyusa zinalia, msomaji anaanza, na habari iliyotoka Nachingwea kwa bahasha inarudi Nachingwea kwa mawimbi.

Bibi alituambia siku moja tulipokwenda likizo kwamba redio imetaja korosho za kwetu zilizolala ghalani bila gari la kuzichukua. Alikuwa anapepeta mchele, hakuinua hata uso. "Tumetajwa," alisema. Kama mtu anayetaja kwamba mgeni mkubwa amepita akabisha hodi.

Mwaka 1978 ndipo nilipouona upande mwingine wa kazi ile, ingawa sikuwa na akili ya kuuelewa. Mwisho wa Oktoba majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka Kagera. Tarehe 2 Novemba Mwalimu alizungumza Diamond Jubilee, ile hotuba ya uwezo, sababu na nia ambayo kila mtu wa rika langu anaijua kwa moyo. Nyumbani tulikuwa na redio ya National, ya kutengenezwa hapahapa Dar, na watu wa mtaa mzima walijaa uani kwetu. Baba mdogo hakuwepo. Alikuja siku ya tatu, macho mekundu, kidole cha shahada kimepasuka ncha, akala wali wa maharage akiwa amesimama.

Baba akamuuliza, "Vijana wetu wamefika wapi?"

"Kaka," alijibu, "utakachosikia redioni saa mbili ndicho nilicho nacho."

Haikuwa kweli. Alikuwa na zaidi. Waya za nje zilikuwa zinaingia usiku na mchana, Redio Uganda inatangaza yake, Nairobi inasema yake, na yeye aliyaona yote yakichapwa mbele yake kabla ya mtu mwingine yeyote mtaani kwetu. Alikuwa anajua na amefungwa mdomo. Wakati wa vita naweza kulielewa hilo. Taabu ni kwamba mdomo ule haukufunguliwa vita vilipokwisha.

Sheria iliyoiunda SHIHATA iliipa peke yake haki ya kukusanya na kusambaza habari nchini. Habari za mashirika ya nje zilipitia mikononi mwake kabla ya kufika kwa mhariri wa gazeti. Yaani lilikuwa lango, na mlinzi wa lango alikuwa serikali. Njaa iliitwa upungufu wa chakula. Waziri aliyefukuzwa alikuwa amepangiwa kazi nyingine. Kijiji kilicholalamika kilikuwa kimetoa maoni. Nimekaa siku nyingi kwenye chumba cha East Africana, Maktaba ya Chuo Kikuu kule Mlimani, nikifungua magazeti ya miaka ile, karatasi imekuwa ya rangi ya chai ya maziwa na inakatika ukiigusa vibaya, na sitamdanganya mtu: kuna kurasa zinazochosha, kiongozi baada ya kiongozi akiwataka wananchi wafanye hili na lile.

Lakini fungua tena, chini ya ukurasa, kwenye zile habari fupi za aya mbili. Hapo ndipo ilipo nchi. Pembejeo zimechelewa Shinyanga. Lori limepinduka Sekenke. Shule imejengwa kwa nguvu za wananchi Newala na haina mwalimu. Habari hizi hazina picha wala jina la mwandishi. Zimekaa tu, mkoa kwa mkoa, siku baada ya siku, kama mtu anayehesabu watoto wake usiku kabla ya kufunga mlango.

Wavuvi wa hapa Feri wanajua tofauti ya lango na jarife. Jarife ni wavu mkubwa, unatandazwa mbali, unavutwa na watu wengi kwa pamoja, na unaleta hata samaki ambaye hukumfuata. SHIHATA ilikuwa vyote viwili katika mwili mmoja. Ilikuwa lango la kuzuia, na ilikuwa jarife lililotandazwa hadi mikoani. Hasira yetu juu ya lango ilikuwa ya haki. Kosa letu lilikuwa kudhani kwamba jarife ni sehemu ya lango.

Miaka ya 90 ilikwenda mbio. Vyama vingi mwaka 1992. Sheria ya utangazaji mwaka 1993, na mwaka 1994 Bara ikaona televisheni yake ya kwanza, miaka kama 20 baada ya Zanzibar. Magazeti binafsi yakajaa vibandani, watu wakawa wanasimama Mnazi Mmoja kusoma vichwa vya habari bure. Nilikuwa kijana, nililewa kwa furaha, nilinunua magazeti matatu kwa siku kwa pesa ya chakula cha mchana. Katika hali ile, shirika lenye haki ya peke yake ya kusambaza habari lilikuwa halina maana tena. Faksi iliua teleksi. Mhariri aliyetaka habari za AFP, shirika la Ufaransa, alizinunua mwenyewe.

Mwaka 2000 SHIHATA ikavunjwa na kazi zake zikahamishiwa Maelezo. Rais wa nchi alikuwa Benjamin Mkapa. Mtu yuleyule. Nimelifikiria hilo mara nyingi, na sioni hila ndani yake; alikuwa mwanahabari, aliijua kazi, na alikuwa akifumua mashirika ya umma mengi yaliyokuwa yakila bila kuzalisha. Tena ni mtu wa Masasi, jirani yetu kabisa, na daraja linaloitwa kwa jina lake ndilo lililotufungulia Kusini miaka mitatu baadaye. Ninachosema ni hiki tu: lango lilistahili kuvunjwa. Jarife lilistahili kupewa wavuvi wengine.

Wangeweza. Lipo shirika la habari linalomilikiwa na magazeti yenyewe kwa ushirika. Associated Press la Marekani limeendeshwa hivyo tangu 1846, magazeti yanachangia gharama na yanagawana habari, na hakuna waziri mlangoni. Maelezo wanatoa taarifa za serikali, na hiyo ndiyo kazi yao. Lakini taarifa ya serikali inatoka juu kwenda chini. Ile bahasha ya Nachingwea ilikuwa inapanda.

Leo habari ya mikoani inaandikwa na kijana wa kujitegemea anayelipwa kwa habari iliyotoka, si kwa habari aliyoifuatilia. Nauli ni yake, vocha ni yake. Ukimlipa mtu hivyo, ataandika kilichotokea karibu na stendi, au kilichotokea kwenye semina yenye posho. Simlaumu, ana watoto. Kuna wilaya zinatajwa kitaifa mara mbili kwa mwaka: Mwenge ukipita, na basi likianguka.

Nilijaribu kutafuta zile habari zenyewe, karatasi za teleksi na kumbukumbu za mikoa. Ofisi moja mjini ilinituma kwa nyingine, ya pili ikanirudisha kwa ya kwanza, na mzee mmoja mlinzi akaniambia kwa upole kwamba aliwahi kuona maboksi yakihamishwa kwa pickup, mvua ikinyesha, hakuna turubai. Niliishiwa nguvu, nikakaa kwenye ngazi. Miaka 24 ya nchi, wilaya kwa wilaya.

Baba mdogo nilipomweleza hilo alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Mwanangu, sisi tulituma. Kutunza haikuwa zamu yetu." Hakuna neno lililonikaa kifuani kama hilo mwaka huu.

Yeye tabia hazijamtoka. Ujumbe wake wa simu wote ni herufi kubwa. Watoto wa siku hizi wanadhani babu anawafokea, nami nawaeleza kwamba mikono yake ilifundishwa na mashine isiyo na herufi ndogo. Mwezi uliopita kundi letu la ukoo kwenye WhatsApp liliwaka moto usiku: gari lililobeba ndugu zetu wa kwenda msibani limepinduka karibu na Nachingwea, wamekufa wote. Mtu katuma picha. Mtu kaanza kuandika majina na innalillahi. Dada yangu alikuwa ameshapiga yowe jikoni. Baba mdogo hakuandika kitu kwa dakika 40. Baadaye tulijua alipiga simu kwa dereva, kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa muuguzi mmoja wa zamu, na picha ile akaona kibao cha gari si cha kwetu. Saa tano na robo ikaingia:

NACHINGWEA. GARI LIMEACHA NJIA SAA MBILI USIKU. HAKUNA ALIYEKUFA. WAWILI WAMEVUNJIKA MIKONO. WAPO HOSPITALI. NIMEONGEA NA MUUGUZI. PICHA ILIYOTUMWA SI YA GARI HILI. NAFUATILIA. MWISHO.

Watu walilia kwa furaha, wakamwombea dua, wakaenda kulala. Mimi nilibaki macho. Saa saba usiku simu ikaita tena, ujumbe mmoja, kundi zima limelala:

MASAHIHISHO. ALIYEVUNJIKA MKONO NI MMOJA.